Kaka, Usitume Mtu Kumchukua Latifu

Koboko Mjini,
Nyuma ya msikiti,
West Nile, Uganda.
Jumapili, 9 Februari 2025.

Mpendwa kaka yangu Hamuza,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya neno lolote nakuuliza hali. Goti lako likoje? Bado linakataa kupanda ngazi, au ile dawa ya kupaka imelishawishi? Na wifi yangu Mastura, presha yake imeshuka? Mwambie apunguze chumvi, na asiseme nimemwambia mimi, maana atasema namfuata hata huko Nairobi. Na yule mjukuu aliyezaliwa mwezi wa Maulidi, ameanza kuota meno? Nambie anafanana na nani. Kama amechukua pua ya baba yetu, basi Mungu amsaidie, lakini atajulikana popote.

Sisi huku tupo. Sisemi hatujambo kabisa, maana ukisoma tu utajua dada yako anadanganya. Tupo. Jua la mwezi huu si la mchezo. Majani yote yamechomwa, na vumbi la barabara ya Oraba linaingia mpaka ndani ya mtungi. Mihogo ya kule Kuluba imekauka ardhini imekuwa kama kuni. Shabani inakaribia kati, Ramadhani iko mlangoni, na mimi sijui nitaipokeaje.

Barua hii nimeandika mwenyewe, kidogo kidogo tangu asubuhi. Shule yangu unajua iliishia wapi, ulikuwepo siku baba alipokuja kunichukua. Basi ukikuta herufi imelala, iinue wewe. Anayekuletea ni Natalina, yule mama wa South Sudan anayeuza vitenge karibu na kibanda changu cha sokoni. Anakuja Nairobi kufuata mali. Mpe chai, ni mtu mwema.

Utasema, kwa nini Kadijah hapigi simu? Kaka, kwenye simu siwezi. Nyumba yetu unaijua, ukuta ni mmoja, na huyu mwanangu Latifu anasikia kila neno. Halafu nikisikia sauti yako mimi nalia, wewe unakasirika, salio linaisha, tunabaki pale pale. Majuzi uliposema utatuma mtu na gari mwisho wa mwezi aje amchukue Latifu mkae naye huko Kibera, niliitika "ewaa, kaka, ewaa," kwa sababu mdomo wangu umezoea kukuitikia tangu utotoni. Sasa nataka nikujibu vizuri, na ili unielewe lazima nianze nyuma kidogo.

Unakumbuka alianguka kule Oraba, baada ya Idi ya kuchinja, akiwa na lori lake kwenye foleni ya mpakani. Wenzake walidhani ni jua. Kumbe kiharusi. Kijana wa miaka thelathini na kitu, ambaye hata kichwa hakijawahi kumuuma. Arua walimtibu, nawashukuru, roho ilibaki. Lakini upande wa kulia ulibaki kama wa mtu mwingine. Maneno yalipotea, yakarudi polepole, moja moja, kama kuku wakati wa jioni. Daktari alisema kazi ya hospitali imekwisha, sasa kazi iko nyumbani. Mimi nilisikia "nyumbani" nikafikiri ni mimi. Nani mwingine?

Nikafanya kama tulivyolelewa. Mgonjwa hanyanyui kitu. Nilimwogesha, nilimvalisha, nilimgeuza. Na chakula nilimlisha kwa mkono wangu, nikikata kisra, ule mkate wetu mwembamba, vipande vidogo na kuchovya kwenye mchuzi. Nilitundika pazia mlangoni mwa chumba chake ili mtu asimwone akilishwa. Sababu unaijua bila kuambiwa. Mkono wa kulia umekufa, na mkono wa kushoto ndio wa kujisafishia. Siku moja mkewe Hasifa alimwekea kijiko kwenye huo wa kushoto. Latifu alikitupa ukutani akasema, "Mkono hii iko ya choo." Hayo yalikuwa maneno yake marefu ya kwanza tangu alipougua, na natamani yangekuwa mengine.

Watu walipokuja kutuona walinisifu. Walisema, "Kadijah, wewe ni mama kweli." Latifu akawa anasikiliza sauti za wanaume uani wakila kwenye sinia, na yeye yuko nyuma ya pazia na mama yake. Akaacha kunyoa ndevu. Akaacha kuuliza habari za lori. Hasifa alisema tumtoe nje, mimi nikasema apumzike kwanza, tukawa tunavutana juu ya mtu mmoja kama nguo ya kukamua. Mwisho mama yake Hasifa alikuja kutoka Arua, akasema binti anahitaji kupumzika, akaondoka naye. Mpaka leo anapumzika.

Ndipo akaja huyu mwanamke anaitwa Agnes Keji. Sijakwambia habari zake kwenye simu, nilijua utauliza ni daktari wa wapi. Ametoka Yei, huko South Sudan, wakati wa vita, sasa anaishi huku, na yumo katika kikundi cha watu wanaozunguka majumbani kwa watu wazima waliopatwa na kiharusi, waliovunjika mgongo, na wenye kifafa. Anakuja na baiskeli. Hana koti jeupe, hana sindano. Siku ya kwanza niliketi tayari kumweleza yote. Akanipita, akaenda kukaa chini mbele ya Latifu.

"Latifu, wewe unataka kufanya nini?"

Nikajibu mimi, "Anataka kupona."

Akasema bila kunitazama, "Mama, pole. Mimi nauliza mwenye mwili."

Kaka, nilikasirika! Ndani ya nyumba yangu! Lakini tulimngoja Latifu, nikataka kumsaidia neno, yule mwanamke akanishika goti. Halafu Latifu akasema, "Choo. Mimi peke yangu."

Basi kazi ikaanza na choo. Anguzu seremala alikuja akachimbia nguzo na kufunga mianzi miwili kama ukuta mfupi, huku na huku, toka mlango wa chumba mpaka choo cha uani, ili Latifu atembee katikati akishika. Majirani walipita wakacheka, "Kadijah amejengea mtoto wake zizi." Niliumia. Lakini Latifu aliingia ndani ya hilo zizi na mguu unaburuta, akaanguka, akainuka, akaenda. Jasho linamtoka kama mtu anayepakua simenti. Siku alipofika chooni akafunga mlango nyuma yake, nilikaa chini pale pale uani. Alikuwa hajafunga mlango wowote tangu augue.

Agnes Keji alimfundisha pia mkono. Anakutanisha vidole vya mikono yote miwili, ule mzima unaubeba ule mgonjwa, juu, chini, juu. Anauingiza kwenye karai la maharage makavu, autafute humo ndani kama mtu anayetafuta shilingi. Mwanzo nilisema huu ni mchezo wa watoto. Lakini niliona kidole gumba kimeanza kujibu. Kidogo tu. Kama mtu aliyelala akiitwa.

Tukagombana juu ya pazia. Yeye alisema liondoke, Latifu ale na watu, hata kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia, "Wewe ni Mkristo, hujui mambo yetu." Hakukasirika. Alisema, "Mama, hata kwetu Yei mimi sipokei kitu cha mkubwa na mkono ya kushoto. Aibu yake naijua. Hiyo siwezi kukufungulia mimi. Uliza watu wenu."

Nikaenda kwa sheikh. Sheikh akasema wazi kwamba mwenye udhuru hana lawama, Mungu hamtwishi mtu asichokiweza. Nikarudi mbio nikamwambia Latifu. Akasema, "Sheikh iko sawa. Lakini macho ya watu haikuwa kwa sheikh." Akageukia ukuta. Pazia likabaki.

Sasa sikia ya juzi Ijumaa. Ilikuwa arobaini ya mke wa mzee Ayiko, yule fundi wa baiskeli jirani yetu. Ayiko mwenyewe si wa dini yetu, lakini marehemu alikuwa wa kwetu, na mzee alisema atamfanyia kila kitu kama kwao. Wanaume walitandikiwa mikeka uani kwake baada ya sala. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya ua wa matete, napakua wali. Nikaona fimbo kwanza, halafu mguu, halafu Latifu mwenyewe. Amenyoa ndevu! Amenyoa mwenyewe, shavu moja lina mikwaruzo. Wanaume wakasogea, akashuka polepole akakaa kwenye sinia ya mzee Ayiko. Ile sinia ilifunikwa na tabaga la mama yetu, kaka, lile kawa jekundu na jeusi alilolisuka kabla hajafa. Nililiazimisha kwa ajili ya shughuli.

Walisema bismillahi. Mikono yote ikaingia. Latifu akakaa tu. Nikafikiri, sasa atanitazama, niende nimtoe. Nilishaweka chini upawa. Hakunitazama. Alichukua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaubeba pale kwenye kifundo kama unavyobeba mtoto asiyeweza kutembea, akaupeleka kwenye wali. Vidole vikafunga, si vizuri. Akaupandisha mdomoni. Nusu ya wali ilianguka kwenye kanzu. Nusu iliingia. Lakini uliingia kwa mkono wa kulia, kaka. Hakuna aliyemfundisha kufanya vile wakati wa kula. Alichukua mazoezi ya karai akayaleta kwenye sinia ya watu.

Mikono yote ikasimama kwenye sinia. Wengine walitazama chini kwa adabu, na adabu hiyo ilikuwa inamchoma, niliona shingo yake inakakamaa. Ndipo mzee Ayiko akasema kwa ile sauti yake ya kugonga bati:

"Ee Latifu! Sisi wote nakula na mkono moja moja, wewe naleta mbili? Nyama itabaki kweli?"

Latifu akatafuna. Akameza. Maneno yakamchukua muda kuyapanga.

"Mzee. Wewe iko na meno mbili tu. Nyama ya nini?"

Kaka, watu walicheka mpaka mtu mmoja akapaliwa. Ayiko mwenyewe alicheka mpaka machozi, na alikuwa hajacheka tangu amzike mkewe. Akamsogezea Latifu kipande chenye mfupa. Mimi jikoni nililia, nikasingizia moshi.

Ningeishia hapo barua ingekuwa tamu. Lakini sijakuficha kitu tangu utoto, sitaanza leo.

Jana asubuhi aliamka amechoka na amejaa ujeuri wa mtu aliyeshinda. Akataka kutoka nje ya mianzi, aende mpaka barabarani bila kunishika. Akaanguka. Paji la uso likapasuka juu ya jicho, damu ikajaa shati. Nilipiga kelele, majirani wakaja, na yule aliyesema zizi akasema, "Si mngemwacha alale?" Nimemfunga kitambaa, jicho limevimba. Agnes Keji alipita akamtazama, akasema mfupa ni mzima, lakini fimbo ibadilishwe, hii ni fupi. Halafu akanivuta pembeni akanipa habari nyingine. Wale wanaofadhili kikundi chao wamepunguza mkono. Baada ya Ramadhani hatakuja kila wiki. Labda mara moja moja. Atakayehitaji zaidi atafute gari aende hospitali ya Arua au ya Kuluva. Alisema akiwa ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeogopa itakimbia. Hata yeye hajui atakula nini.

Na kutoka Arua, baba yake Hasifa ametuma neno. Baada ya Idi wazee wao watakuja kukaa nasi. Wanataka kujua kama binti yao ana mume, au kama Latifu ni mgonjwa wa mama yake tu. Hivyo ndivyo walivyosema. Neno hilo limelala kifuani pangu kama jiwe la kusagia.

Sasa unaelewa kwa nini nilikuitikia kwenye simu. Nilifurahi. Wallahi nilifurahi. Nilifikiri: kwa mjomba wake kuna umeme, kuna chumba, wifi ana moyo, wajukuu watamshika. Ulisema mwenyewe, "Hatanyanyua hata kikombe." Jana mchana, damu ikiwa bado kwenye shati, nilitoa begi nikaanza kufunga nguo zake.

Alinikuta. Alikaa sakafuni karibu na begi, akaanza kutoa nguo kwa mkono ule mmoja, moja moja, akiziweka kitandani. Na mimi nazirudisha. Yeye anatoa, mimi narudisha, kama wendawazimu wawili. Mwisho akaweka kiganja chake juu ya begi.

"Mama. Mjomba ananipenda. Lakini huko watanilisha."

Nikasema, "Na hapa watu wanakucheka."

Akasema, "Hapa wanacheka mimi. Huko watacheka kiharusi."

Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo. Alitaka kusema kwamba hapa, hata anayemcheka anajua alikuwa dereva gani, alicheza mpira na nani, meno ya mzee Ayiko ameyatania tangu utoto. Huko kwako atakuwa mgonjwa aliyeletwa. Mtampenda, najua, mtampenda mpaka asahau huo mkono kwamba upo. Nami nimeshampenda hivyo. Nimeona upendo huo ulikompeleka.

Kwa hiyo kaka yangu, kwa heshima yote, nakuomba usitume mtu kumchukua Latifu. Usinikasirikie. Na kama umekasirika, kasirika huku unasoma mpaka mwisho.

Hilo gari la kuja kumchukua, panda wewe. Njoo Ramadhani, hata kwa siku chache, hata goti likinung'unika. Wanaume watafuturu uani kwetu safari hii, nimeshaondoa pazia, limekuwa kitambaa cha kufunikia unga. Kaa kwenye sinia ya Latifu, wewe mjomba wake, watu wakuone. Nimemtumia pia Hasifa neno, sio la wazee, la wanawake: kwamba nimeshindwa kupika kisra nyembamba kama yake, aje anisaidie siku ya kwanza ya mfungo. Yeye anajua kisra yangu haijawahi kushindwa. Akija ataelewa, na asipokuja pia nitakuwa nimeelewa. Na wazee watakapokuja baada ya Idi nataka wewe uwe umekula naye, useme uliyoona kwa macho yako, si uliyosikia kwa mdomo wangu.

Lakini nakuomba jambo gumu zaidi ya safari. Wali ukimwagika, usimsaidie. Utasikia mkono wako unataka kwenda. Ukalie. Mimi bado najifunza, na siku nyingine nashindwa.

Hata sasa hivi ninapoandika ameenda uani. Jicho moja limefumba kwa uvimbe na yeye ameenda peke yake. Nasikia fimbo inagonga mianzi, ko, inanyamaza, ko. Sasa imenyamaza. Imenyamaza muda mrefu. Kalamu naibana hivi mpaka kidole kinauma. Ya Rabi. Kaka, bado imenyamaza.

Nisalimie wifi Mastura na watoto wote, mbusu mjukuu kwenye hiyo pua. Msalimie shangazi Kulusum ukienda upande wake, mwambie mafuta ya ufuta aliyotuma yalifika, nampaka nayo Latifu bega, na Agnes Keji amesema yanafaa. Mzee Ayiko anakusalimu, anauliza kama una meno ya akiba. Latifu anakusalimu kwa mikono yote miwili.

Mungu akuwekee mguu mwepesi barabarani, akufikishe kwetu ukiwa mzima, na sinia yetu isikose mtu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, nimekaa hapa mkekani, sijainuka kumfuata Latifu,

Kadijah